Kitanda cha Bolti Nne

Gari la Sabiti lilikuwa na tabia ya kusikika saa nzima kabla halijaonekana. Mchana ule wa mwezi wa nane, mwaka 1953, Minza alilisikia akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akisaga mtama wa ugali wa jioni. Mikono yake ikasimama. Katika nchi yote ile ya Kishapu palikuwa na injini moja tu iliyokohoa mara tatu, ikapumzika, ikakohoa tena, na yeye alikuwa amelala juu ya kikohozi kile kwa miaka sita.

"Huyo anakuja," alisema shangazi yake, Mbuke, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Na baba yako amesema asipewe kiti mpaka yeye mwenyewe arudi malishoni."

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia, lakini unatengeneza nywele."

Minza akaushusha mkono. Ni kweli, vidole vyenye unga vilikuwa vimepanda kichwani bila kumwomba ruhusa. Siku arobaini na mbili hajamwona mumewe, na mwili ni mjinga, haujui matanga wala aibu. Alifurahi. Alifurahi mpaka akasikia joto masikioni, na papo hapo woga ukamshika, maana kulikuwa na jambo moja ambalo Sabiti hakulijua kabisa na ambalo baba yake alilijua vibaya. Watu wale wawili wakikaa kitako wakazungumza, litatoka. Ilimpasa amfikie mumewe kwanza.

Akamwambia shangazi kwamba anakwenda kuchota maji. Akaondoka bila mtungi.

Tumwache atembee, maana barabara ilikuwa mbali kidogo na gari lenyewe halikuwa na haraka, tueleze lilikuwa gari gani. Lilikuwa la jeshi, limezeekea vitani, na Sabiti alilinunua Tabora vita vilipokwisha. Seremala mmoja wa mjini Shinyanga akalijengea nyuma chumba cha mbao chenye mlango, dirisha moja la kusukuma, na rafu za nyuzi, sindano na mafuta ya mashine. Kazi ya Sabiti ilikuwa kutengeneza cherehani zilizoharibika. Wakulima wakiuza pamba hununua cherehani, na cherehani zikigoma wanamngoja Sabiti. Alianzia Maganzo, akaja Kishapu, akaenda Kahama na Segese, akaishia kule machimboni Geita ambako wake wa wachimbaji walishona nguo za watu wa makabila yote. Mzunguko mmoja ulikula miezi minne, kwa kuwa gari halikuweza kwenda mbio na mwenyewe hakutaka liende mbio. Mlangoni aliandika kwa rangi nyeupe: KAWIA UFIKE.

Humo ndimo walimoishi, yeye na Minza na mtoto wao Zuwena. Walipika mafiga matatu yakiwa kivulini mwa gari, wakaanika nguo kwenye kamba kutoka kwenye kioo cha pembeni hadi kwenye mti wowote uliokuwa karibu. Jino la kwanza la Zuwena lilitoka Segese. Hatua zake za kwanza alipiga Maganzo, mbele ya wachimba almasi waliompigia makofi. Mvua zikijaza makorongo walikaa ng'ambo siku tatu, nne, wakisubiri maji yapungue, wakila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kusimuliana hadithi. Wanawake wengine walimhurumia Minza kwa kukosa nyumba. Yeye aliwahurumia wao kwa kuamka kila siku mbele ya kichuguu kilekile.

Na katikati ya chumba kile palikuwa na kitanda cha mninga, Sabiti alichokichonga mwenyewe mwezi wa harusi, akakifunga sakafuni kwa bolti nne ili kisihame kwenye mashimo ya barabara.

Kitanda hicho ndicho kilichowaponza.

Mwezi wa sita walikuwa Segese barua ilipowapata. Mama yake Minza alikuwa mgonjwa, tumbo limevimba. Barua ilikuwa imewatafuta siku kumi na moja. Ilifika Maganzo wameshaondoka, ikafika Kahama wameshaondoka. Ndiyo hasara ya maisha ya gari. Wewe unajua walipo ndugu zako, lakini hakuna ndugu anayejua ulipo wewe. Kwa mara ya kwanza Sabiti aliendesha kwa haraka, na walipofika mama alikuwa bado hai. Hospitali ya mjini ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa gari, na siku mbili kwa mkokoteni wa maksai.

Sabiti alifagia chumba cha gari, akatandika kitanda kwa shuka jeupe la sikukuu, akaweka mto uliotariziwa. Kwao, watu wa mjini wenye asili ya pwani, mgeni wa heshima hupewa kitanda cha mwenye nyumba. Kwao Minza, mama mkwe hakitazami kitanda anacholalia binti yake na mumewe, sembuse kukilalia. Bora alale miibani. Sabiti aliijua nusu ya mila hiyo, kwamba asikutane uso kwa uso na mama mkwe, na miaka yote sita alikuwa akimsalimu kutoka nyuma ya ua wa minyaa. Nusu nyingine hakuijua. Mambo ya kitanda hayasemwi na wakwe. Ni kazi ya mke kumnong'oneza mumewe.

Minza alikuwa amesimama mlangoni akimtazama anavyonyoosha shuka. Neno lilikuwa ulimini. Kitoe. Mume wake alikuwa fundi, na spana zilining'inia ukutani. Lakini alivyomwona ameinama pale, anapapasa mto usiwe na uvimbe, aliona haya kumwambia kwamba heshima yake yote hiyo kwa watu wake ni uchafu. Alikuwa amemwambia kwa miaka kwamba kwao walishampokea, kwamba yeye si mgeni tena. Na tuseme kweli, barabara ilikuwa imemtia kiburi kidogo. Alijifunza kuzicheka mila za nyumbani akiwa mbali nazo. Akajiambia kwamba mtu mwenye maumivu hachagui kitanda. Akanyamaza.

Kaka zake wakamleta mama kwenye machela ya ngozi. Sabiti alikuwa amejificha mbele ya injini, amegeuza uso kama ilivyompasa. Mlango ukafunguliwa. Mama akaliona lile shuka jeupe, akajifunika uso kwa kaniki yake, akasema, "Nishusheni." Hakusema jingine. Baada ya kukiona kitanda, hata kingetolewa asingepanda.

Basi wakampakia mkokotenini. Kwa siku mbili maksai walivuta mbele, na nyuma yao gari lenye kitanda kitupu likafuata kwa mwendo wa maksai. Mama alikata roho siku ya pili, mabati ya mji yakiwa yameanza kuonekana.

Siku ya maziko, shangazi Mbuke alimvuta Minza kando. "Hukumwambia mumeo atoe kile kitanda?" Minza, mwenye udongo wa kaburi mikononi, alijibu, "Nilimwambia." Hakupanga kusema hivyo. Lakini neno likishatoka halina mwenyewe, na kufikia jioni ukoo mzima ulijua kwamba yule mtu wa mjini aliombwa atoe kitanda akakataa. Sabiti alikuwa ameshaondoka mara tu baada ya maziko, kurudisha cherehani za watu alizokuwa nazo. Hakusikia lolote.

Sasa alikuwa amerudi. Alilisimamisha gari barabarani, akashuka, akasimama akimtazama mkewe anavyokuja. Alikuwa amekonda. Kofia yake ya kitambaa ilikuwa imevaliwa upande, na Minza alijua kwamba hakuna mtu aliyemwambia iko upande kwa siku zote arobaini na mbili.

"Mama Zuwena."

"Baba Zuwena. Umefika."

"Nimekawia."

Walitaka kushikana mikono wakaogopa macho ya wachungaji. Wakatazamana tu. Sabiti alikuwa na macho ya kutulia, ya mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa muda mrefu, na Minza alijihisi anatazamwa mshono kwa mshono.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kalala. Usiku halali vizuri. Anauliza nyumba ya babu inaondoka lini."

Sabiti akacheka kidogo, kisha kicheko kikaishia njiani. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Akafungua mlango wa nyuma. Minza akatazama ndani na kwa nukta chache hakuelewa anachokiona. Rafu zilikuwepo, sufuria zilikuwepo, gauni la Zuwena lilining'inia kwenye msumari. Kitanda hakikuwepo. Sakafuni palikuwa na matundu manne, na kupitia matundu hayo aliona mchanga wa barabara.

"Segese, bibi mmoja aliniletea cherehani yake," alisema Sabiti. "Nikamsimulia msiba wetu. Akaniuliza, kwani mle garini mlikuwa na kitanda? Nikasema kipo. Akaweka mkono mdomoni. Ndiye aliyenieleza. Mke wangu, mimi nilidhani mama alikataa kwa sababu yangu, kwa dini yangu, kwa kuwa mimi si mtu wa kwenu. Nimeendesha wiki nne na donge hilo kifuani. Kumbe ni kitanda."

"Umekifungua lini?"

"Palepale. Hata chai haikupoa." Akainama akagusa tundu moja kwa kidole. "Hata chai haikupoa, Mama Zuwena."

Minza alishika ubao wa mlango. Hapo ndipo pa kusema. Kila kitu kilikuwa tayari: barabara tupu, mume mwenye huruma, matundu manne yakimtazama.

"Mimi..." alianza.

"Usijilaumu," Sabiti akamkatiza kwa upole. "Ulikuwa umechanganyikiwa, mama yako anakufa. Nani angekumbuka kitanda? Mimi sikulaumu hata kidogo. Nimekuja kumwambia baba kwamba sikujua. Aniadhibu kwa ujinga wangu, nilipe fahali wa kutakasa kama wanavyodai wazee, kisha twende zetu watatu. Nimetamani hata ugomvi wetu wa dirisha, wewe unalifungua mimi nalifunga."

"Ndiyo," alisema Minza. "Nilichanganyikiwa."

Ule ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza.

Mzee Maganga alirudi jua likiwa limeshuka, ng'ombe wamemtangulia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, ambaye tangu siku ya posa hakupenda binti yake aolewe na mtu asiye na shamba. "Mwanaume asiye na kaburi la babu yake mahali, atakuzika wapi?" alimuuliza Minza wakati ule. Alikubali kwa sababu ya machozi ya mke wake. Sasa mke hayupo.

Akaketi kwenye kigoda mbele ya zizi. Sabiti akachuchumaa mbele yake. Shangazi Mbuke na Minza wakaketi chini, miguu wameikunja pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nimekuja kwa unyenyekevu. Nimekuja kuomba radhi na kumchukua mke wangu na mtoto."

"Mke wangu amekufa akiisikia injini yako nyuma yake," alisema Maganga polepole, Kiswahili chake kizito. "Kwa hilo sikudai. Hakuna mlango ambao kifo hushindwa kuuingia. Lakini nina swali moja, unijibu kama mwanaume. Binti yangu alipokuomba utoe kitanda, kwa nini ulikataa?"

"Aliponiomba?"

"Alipokuomba. Usiniangalie kama mtu asiyesikia."

Sabiti akageuza kichwa. Alikuwa na mazoea ya kutega sikio kwenye cherehani mbovu na kujua kilichovunjika kabla hajaifungua. Vivyo hivyo akamtazama mkewe, bila hasira, anasikiliza. Minza alikuwa ameinamisha uso. Alijua akiendelea kuuinamisha ataonekana, na akiuinua ataonekana zaidi. Akauinua. Macho yao yakakutana, na aliona waziwazi nukta ambayo Sabiti alielewa.

"Minza," alisema shangazi Mbuke, sauti imebadilika. "Si ulisema ulimwambia?"

Maganga naye akageuka. "Ng'wanone. Mwanangu. Ulimwambia, hukumwambia?"

Kwao mtoto aliyemfungia mama yake njia ya hospitali hafukuzwi kwa fimbo. Watu huacha tu kumsalimia. Hapewi moto wa kuwashia jiko, haitwi kwenye harusi wala msibani, na siku baba yake anapokufa hasogezwi kumshika mkono. Utotoni mwake Minza alimwona mama mmoja aliyeishi hivyo, akipita njiani kama upepo. Akafungua mdomo. Akaufumba tena.

"Aliniambia," alisema Sabiti.

Wote wakamgeukia.

"Aliniambia, baba. Mara mbili. Nikasema bolti zimeshika kutu."

"Zilikuwa zimeshika kutu?"

"Hapana. Zilikuwa nzima. Niliona uvivu."

Mzee Maganga akaondoa macho kwake, akaiinamia fimbo yake. Hapo Minza alitambua kwamba baba yake alikuwa ametumaini kusikia vingine. Alikuwa ametumaini apewe sababu ya kusamehe.

"Basi nenda," alisema mwishowe. "Binti yangu anabaki, na mtoto anabaki. Ng'ombe wako wa mahari nitakurudishia wote."

"Nitawapakia wapi, baba? Waache hapa. Zuwena anywe maziwa."

Akainuka, akapangusa vumbi magotini, akaaga kwa adabu zote kama mtu aliyekuja kunywa maji tu. Minza akamfuata hadi barabarani, na hakuna aliyemzuia, maana hata mke anayeachwa huruhusiwa kusindikiza. Zuwena alikuwa ameshaamka, ameshaingia garini, anatafuta kitanda.

"Kwa nini umesema vile?" Minza aliuliza. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Ungesema wewe?"

Minza akajifuta mikono kwenye kanga.

"Siku ile ungeniambia, ningekitoa," alisema Sabiti. "Baadaye ungeniambia, ningekusamehe. Na leo mchana, pale mlangoni. Nilikufungulia mlango mwenyewe, nikakuonyesha matundu, nikakupa na udhuru juu yake. Ukauchukua udhuru."

"Niliogopa. Nakupenda, Baba Zuwena. Niliogopa utaniona mbaya."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana inauma." Akaivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena upande uleule. "Gari ni dogo, Mama Zuwena. Halina chumba cha mtu kufichia jambo. Tutakuwa tumelala sakafuni pale, mimi nakusikia unavyonyamaza, wewe unanisikia ninavyosikiliza. Kutoka hapa hadi Geita kwa mwendo wetu ni mbali sana kwa hali hiyo."

"Nichukue hivyo hivyo. Nitawaambia. Nitarudi sasa hivi niwaambie."

"Rudi, basi," alisema. "Mimi nitawasha gari taratibu. Unajua linavyokawia kuwaka."

Akamtoa Zuwena garini, akambusu kipaji cha uso, akampa kibati cha vifungo vya rangi alichokipenda. Kisha akaenda mbele kuzungusha mtaimbo wa kuwashia. Alizungusha polepole mno. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kila baada ya mzunguko alisimama akahema, na hakutazama nyuma.

Minza aligeuka. Hatua mia mbili kutoka pale, baba yake alikuwa bado ameketi mbele ya zizi, shangazi amesimama kando yake. Alihesabu kichwani maneno atakayosema. Yalikuwa machache: sikumwambia. Akapiga hatua moja. Akaona jinsi watakavyomtazama, na mguu wa pili ukakataa.

Injini ikakohoa mara tatu, ikawaka. Sabiti akakaa kitini akangoja, mikono juu ya usukani, kwa muda ambao mtu angeweza kwenda zizini na kurudi. Halafu gari likaanza kusogea. Pale barabara ilipoinuka kuelekea Maganzo lilipunguza mwendo hata zaidi, likawa linapanda kwa kasi ya ng'ombe wanaorudi nyumbani. Maandishi meupe ya mlangoni yaliendelea kusomeka kwa muda mrefu.

Zuwena akamvuta mama yake kanga. Hakuwa analia, alikuwa amezoea gari kutangulia kidogo wakati mama anamalizia kuzima moto.

"Mama, twende. Linakwenda polepole, tutalifikia hata bila kukimbia."

"Najua," alisema Minza, na hakutoka pale aliposimama.